Shangazi Hayumo Kwenye Demo

Ukitaka kumjua Mama Kopi, nenda dukani kwake na karatasi iliyojaa makosa. Atakuchapia na makosa yako yote kama yalivyo, kisha atakuuliza kwa upole kama ungependa arekebishe. Ukisema hapana, hagusi. Watu wamepeleka pale barua za kuomba kazi zenye majivuno ya kuchekesha, wamepeleka hotuba za harusi zisizo na kichwa wala miguu, naye huchapa tu, uso mkavu. Duka lenyewe ni chumba kimoja: kompyuta, mashine ya kutoa kopi inayolalamika kila ikiwashwa, na feni inayopeperusha karatasi za watu mpaka azikandamize kwa kopo la gundi. Kutwa nzima maneno ya watu yanapita vidoleni mwake, na hana ruhusa ya kuongeza hata nukta. Mtu wa hivyo, nakwambia, jioni akifika nyumbani mdomo unamwasha.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mkewe naye humwita hivyo hivyo. Ana mikono mipana yenye makovu ya cheche na kicheko kinachovuka ukuta mpaka kwa jirani. Shule aliiacha mapema. Kiswahili anasoma taratibu, kwa kidole, na Kiingereza anachokijua ni cha vipimo vya mabomba.

Ni mtu mpole, hana makuu, lakini kuna jambo moja linalomtoa kwenye utu wake: kufanywa mjinga. Zamani, kabla hawajapata mtoto, tajiri mmoja alimsomea mkataba wa kiwanja cha karakana. Akausoma hivi, kumbe karatasi ilisema vile, na Fundi akatia saini. Alipokuja kutolewa pale na mitungi yake ya gesi, tajiri yule alicheka. Kiwanja kilimuuma, ndiyo, lakini kile kicheko kilimuuma zaidi. Toka hapo karatasi yoyote inayoingia mikononi mwake husomewa na mkewe peke yake. "Huyu," huwaambia watu kwa kujidai, "haongezi neno wala hapunguzi." Kila Mama Kopi alipoisikia sifa hiyo, alikuwa anapata shughuli ya ghafla jikoni.

Kwa sababu kwenye gemu, bwana, alikuwa anaongeza.

Gemu yenyewe iliingia nyumbani kwao pamoja na mashine yake, wakati mdogo wake Fundi alipohama na kuwaachia. Ilikuwa ya aina ile ambayo huambiwi kukimbia na kupiga tu. Unamchukua mtu wako, unamvisha, unamkuza kidogo kidogo, unaongea na kila unayekutana naye na kuchagua la kumjibu, na hadithi inafuata ulivyochagua. Mhusika mkuu alikuwa mlinda lango aliyefukuzwa kazi. Fundi aliposikia lango, moyo wake ukakaa hapo. Lakini watu wote wa mle ndani walizungumza kwa maandishi, na kwa Kiingereza. Basi wakagawana kazi: Fundi alishika kile kidude chenye vitufe, Mama Kopi akakaa ubavuni mwake akisoma na kumgeuzia kwa Kiswahili.

Mwanzoni alisoma vilevile, mwaminifu kama alivyo dukani. Kisha siku moja Fundi akarudi amenuna, mteja kamtukana mbele ya vijana wake wa kazi, chakula hataki, maongezi hataki. Kwenye gemu walikuwa wamefika kinamasini, na pale akatokea bibi mchawi mwenye fimbo. Maandishi yalisema: Karibu, msafiri. Vuka mto kabla ya giza. Mama Kopi akamtazama mumewe, akayatazama maandishi, akasoma: "Umekonda, mwanangu. Siku zote hunitembelei, leo umekuja kwa sababu una shida. Haya, vuka mto kabla ya giza, na ukirudi uniletee vitunguu."

Fundi alicheka mpaka kidude kikamdondoka. "Huyu ni shangazi yangu kabisa," alisema akifuta machozi, na palepale akaomba chakula.

Hivyo ndivyo Shangazi alivyozaliwa. Na uongo mtamu una tabia ya kuzaana. Mvushaji wa mtoni, ambaye kwenye maandishi alisema tu "Panda," akapata mama mkwe anayemsumbua. Jemadari wa adui akapata jino bovu, na ndiyo sababu ya ukali wake wote. Mama Kopi ilimbidi ayashike kichwani yote aliyoyatunga, maana Fundi hasahau. Safari moja akamleta mama mkwe wa mvushaji wakati kwenye masimulizi yake mwenyewe alishamuua, Fundi akageuka. "Si alifariki huyu?" Mama Kopi hakupepesa jicho. "Huyu ni wa mke wa pili," alisema, na mvushaji akawa na wake wawili tangu siku hiyo.

Waliimaliza gemu ile wakaianza upya, wakaimaliza tena. Binti yao alikulia humo. Alipojua kusoma Kiingereza aligundua, akafungua mdomo, mama akamkata jicho, na mtoto akameza. Kule karakana mafundi wenzake waliijua hadithi ya Shangazi kuliko ya ndugu zao. Na Fundi alipotengeneza geti la nyumba yao wenyewe, juu kabisa, mahali ambapo watu huweka maua au mikuki, aliweka mwiko wa chuma, kwa sababu Shangazi alikuwa anawatishia watu kwa mwiko. Kila asubuhi Mama Kopi alipita chini ya mwiko ule akienda kazini. Siku nyingine aliucheka, siku nyingine ulimtazama vibaya.

Baada ya miaka ya uvumi, waliotengeneza gemu ile wakatangaza kwamba wanapika ya pili, na kabla haijaiva wanatoa demo, yaani kionjo, mtu aonje bure aseme chumvi imekaaje. Fundi alianza kutembea kwa madaha. Binti yao, ambaye sasa anafanya kazi mji mwingine, akawatumia mashine mpya kwa basi. Kisha akampigia mama yake simu dukani.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Demo nimeshaicheza. Ni nzuri mno. Ila hawa wa sasa hivi wanaongea wenyewe. Kwa sauti."

"Wote?"

"Wote. Hata farasi anakoroma."

Mama Kopi akakandamiza karatasi kwa kopo la gundi, ingawa feni ilikuwa imezimwa. "Na yule wa kinamasini?"

"Huyo ndiye kabisa. Si bibi tena, wamemfanya msichana. Mama, mwambie baba ukweli kabla hajamsikia."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jioni ile Fundi alirudi amechoka, na mtu aliyechoka hapewi habari nzito. Kesho yake alirudi na furaha, na mwenye furaha naye haharibiwi siku. Ndivyo alivyojidanganya mpaka Jumapili ikafika, na roho i juu. Alikuwa anaogopa kitu kimoja tu: asije akaiona sura ile ya mumewe ya siku ya mkataba, na safari hii aliyemsomea vibaya awe yeye.

Jumapili mchana Fundi alioga, akavaa shati lake la kutokea, akakaa mkao wa kula. Mama Kopi akakaa ubavuni, mahali pake pa siku zote, kikombe cha chai mkononi kimpe pa kuficha uso.

Demo ikafunguka. Aisee. Nisiseme uongo, hata Mama Kopi na wasiwasi wake alitoa macho. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye skrini na ungeapa utalowa. Fundi alimchagulia mtu wake sura, akahangaika na masharubu muda mrefu kuliko anavyohangaika na yake, kisha akamtoa nje. Pale nje palikuwa na lango. Badala ya kupita kama ambavyo mtu yeyote angepita, Fundi alilizunguka, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Tazama bawaba," alisema. "Aliyechora hii amewahi kushika chuma."

"Adui wanakuja huko nyuma, Fundi."

"Wangoje."

Alipopigana nao aliusifu upanga: kidude kilikuwa kinatetemeka mkononi, pigo zito unalisikia zito. Ramani aliikubali. Mfuko wa vitu ulimchekesha, maana mtu wake alikuwa anabeba ngao, chungu, na nguo za ukoo mzima, na bado anaruka mitaro. Mwenye duka la njiani akasema maneno yake kwa sauti nzito ya Kiingereza, na Fundi akamgeukia mkewe akisubiri.

"Anakukaribisha," alisema Mama Kopi.

"Halafu?"

"Basi."

Unaona mtego ulivyokaa. Kwenye maandishi hakuna anayejua sentensi ina urefu gani. Lakini mtu akifungua mdomo, akasema maneno manne, akaufunga, huwezi wewe ukamgeuzia hadithi ya mama mkwe. Mama Kopi aligeuza vilevile, kavu, kama anachapa tangazo la kupotea kwa kitambulisho. Akaja jemadari: meno meupe, mazima yote, anacheka. Fundi akakunja uso kidogo. Wakafika mtoni, mvushaji akasema "Panda," akapiga kasia kimya mpaka ng'ambo.

"Mbona kanyamaza hivi?" Fundi aliuliza. "Kafiwa?"

"Labda amechoka."

Kisha kinamasi. Ukungu ukafunguka, na kutoka ndani akatokea msichana mwenye joho linalong'aa, nywele zinaelea zenyewe, fimbo ileile mkononi. Akasema kwa sauti laini inayotetemesha kioo: Msafiri, mto unakukumbuka.

Fundi akaishusha mikono. "Huyu nani?"

"Wanasema ni yuleyule wa zamani. Alipata uganga wa kurudi ujana."

"Anasemaje?"

"Msafiri, mto unakukumbuka."

"Na vitunguu je?"

Mama Kopi alikunywa chai iliyokwisha zamani. "Hakuvitaja."

Demo iliishia hapo, kwa muziki mkubwa, na maandishi yakaja kushukuru na kuomba kila aliyecheza awaandikie watengenezaji maoni yake kabla gemu haijakamilika. Mama Kopi akamsomea, na akajuta kabla hajamaliza, kwa sababu Fundi alikuwa ameshasimama.

"Leta kompyuta yako. Leo nawaandikia."

Akaanza kutembea chumbani, mikono mgongoni, na Mama Kopi akachapa Kiingereza nyuma yake. "Kwa wakubwa wa gemu. Salamu. Mimi ni fundi wa mageti, nimecheza gemu yenu toka mwanangu akiwa mdogo. Demo nimeiona. Mvua yenu ni nzuri. Upanga nimeukubali. Bawaba za lango ni safi. Umeandika bawaba?"

"Nimeandika."

"Aya mpya. Mmemfanya nini Shangazi?"

Vidole vikasimama. Fundi hakuona, alikuwa ameelekea dirishani.

"Andika kwamba mmeiharibu. Mmeweka sauti, mmeweka nywele, mmesahau watu. Jemadari bila jino ni mtu gani? Halafu waambie, yule aliyekuwa anaandika maneno ya gemu ya kwanza, hata kama mlimfukuza, hata kama alikuwa mlevi, mrudisheni kazini. Yule mtu alikuwa anatujua. Kuna siku nilirudi nyumbani sitaki hata kula, sitaki kumwona mtu, na yule akanichekesha nikala. Andika hivyohivyo, usipunguze."

Pale mezani mambo yalikuwa rahisi kabisa, na ndiyo ubaya wake. Angeweza kuchapa "Gemu nzuri, asanteni," akabonyeza, ikaenda, na Fundi asijue mpaka anazikwa. Lakini hata mpita njia aliyekuja dukani na barua ya kipuuzi hajawahi kumfanyia hivyo. Akimfanyia huyu, atakuwa na tofauti gani na tajiri wa kiwanja?

"Fundi."

"Umemaliza?"

"Shangazi hayumo."

"Najua hayumo. Ndiyo maana tunaandika."

"Hata kwenye ile ya kwanza hakuwamo."

Fundi aligeuka. Mama Kopi hakuinua macho kwenye vitufe. "Alikuwemo mchawi, akasema uvuke mto. Mengine niliyasema mimi. Siku ile uliporudi umenuna. Halafu ukacheka, nikashindwa kuacha."

"Jino la jemadari?"

"Mimi."

"Wake wawili wa mvushaji?"

"Ilikuwa kosa. Nilisahau kwamba mama mkwe alishakufa."

Fundi alichukua nyundo yake ndogo rafuni, akatoka nje, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake. Punde Mama Kopi akasikia chuma kinagongwa getini, mara moja, kimya, kisha tena. Alijua ni nini. Anaung'oa mwiko. Akakaa palepale, mikono mapajani, na machozi yakamjia kwa kitu cha kipuuzi kabisa, bibi asiyekuwepo na mwiko wake.

Fundi aliporudi alirudisha nyundo mahali pake na kuketi, si kwenye kiti chake bali kwenye meza ndogo, akimkabili.

"Nikuulize moja tu. Karatasi zangu. Miaka yote hii. Zile ulizisomaje?"

"Neno kwa neno," alisema Mama Kopi. "Hata barua ile ya kukunyima kazi ya madirisha ya shule. Nilitamani niipunguze makali, mdomo ukagoma. Nilikusomea ilivyo."

"Kweli. Ile ulinisomea mpaka nikakuchukia wewe badala ya shule." Akajikuna kidevu. "Na jino la jemadari ulilitoa wapi?"

"Kwa mteja. Alikuwa anagombana na mashine ya kopi kwa sababu ya gego."

"Na mama mkwe wa mvushaji?"

Mama Kopi akaanza kufuta vumbi kwenye vitufe.

"Ni mama yangu, siyo?"

"Baadhi ya sehemu."

Kicheko kilimtoka Fundi ghafla, kikavuka ukuta, na jirani akagonga kwa upande wake kuuliza kuna nini. Alicheka akiwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Mama yangu nimemcheka miaka yote hii bila kujua. Na mtunzi mwenyewe namtuma chumvi dukani, huku nawasifia watu wa ng'ambo."

"Hukukasirika?"

"Kule nje nilikuwa nimekasirika. Nilisema niung'oe ule mwiko. Nikaugusa, nikakuta umelegea upande mmoja, nikaukaza." Alivuta pumzi. "Yule tajiri alinisomea uongo nitoke kwangu. Wewe ulinisomea nikae nikale. Haya, chukua barua. Futa aya ya Shangazi. Andika: mwandishi wa zamani msimtafute, tumeshampata, ana kazi yake hapa."

Mama Kopi alichapa hivyohivyo, akaisoma kwa sauti, akaituma.

Fundi akachukua kidude, akairudisha demo mpaka kinamasini. "Sasa nionyeshe pa kuwanyamazishia hawa."

Wakatafuta kwenye mipangilio mpaka wakapata, na kinamasi kikatulia. Yule msichana wa joho akafungua mdomo wake mzuri, pasitoke kitu. Fundi akampita bila kumsalimia.

"Huyu simtaki. Shangazi yuko wapi?"

Mama Kopi akasogea karibu, akaikagua njia yote. Pembeni kabisa, nyuma ya mti mkavu, watengenezaji walikuwa wameweka bibi mmoja mwenye kapu, mpita njia wa kujaza njia tu, hawakumpa jina wala neno moja la kusema.

"Yule pale," alisema. "Amejificha. Anaona umekuja tena mikono mitupu."

Fundi akampeleka mtu wake taratibu mpaka mbele ya bibi, akamsimamisha kwa adabu, akabonyeza kitufe cha kuongea. Kwenye skrini hapakutokea maandishi yoyote. Fundi akamgeukia mkewe, akangoja.

"Anasema umenenepa, mwanangu," alianza Mama Kopi. "Na anauliza nani anakulisha."